Mgeni wa Nyamizi na Tumbo Nililolificha

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na hapo ndipo dhiki yangu ilipoanza. Baba alikufa wakati wa palizi, mama akarudi kwao na wadogo zangu, mimi nikapelekwa Kahama kwa mjomba. Shule niliiachia darasa la nne na sijairudia hadi leo. Waliniambia nakwenda kama mgeni, nikae kidogo mpaka mambo yatulie. Asubuhi ya kwanza, hata choo sijajua kiko upande gani, nilimwamkia mke wa mjomba shikamoo, akaitikia kwa kunisukumia ndoo. Ndoo ile niliibeba miaka mitano.

Mwanangu, sikuanzii huko ili unionee huruma. Huruma ya mtu siitumii. Nataka tu ujue upumbavu wangu ulitoka wapi, maana upumbavu haumwangukii mtu kutoka hewani.

Nikiwa na ndoo ile kichwani niliapa kwamba nikipata nyumba yangu, mtoto wa mtu akiingia kama mgeni hatashika kazi. Nyumba nikaipata. Nilianza kwa kuwakaangia maandazi wachimbaji kwenye maduara, yale mashimo wanayotafutia dhahabu, nikahamia Masumbwe, nikafungua mgahawa, nikajenga vyumba vitatu vya tofali za kuchoma na bati juu. Mume wangu, Baba Nyamizi, alikuwa mtu wa duarani, anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Akipata anacheka, akikosa analala. Nyumba ilikuwa juu yangu, na nilitaka kila mtu ajue hivyo.

Sasa kuna siku moja ya mwezi wa sita, mwaka 2008, ambayo imenikaa kichwani kuliko hata siku ya ndoa yangu. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na mimba ya miezi sita. Baada ya kumzaa Nyamizi nilikuwa nimepoteza mbili, zote kwa kuinua vitu vizito. Nesi wa zahanati aliniambia usoni, bila kunizungusha: "Mama, ndoo ya lita ishirini usiiguse. Ukiigusa, huyu mtoto hutamwona." Nikafunga mgahawa. Wateja nikawaambia nina mgongo. Mgongo! Mimi niliyekuwa nashusha magunia ya mchele peke yangu!

Kwetu mimba haitangazwi. Mtoto akiuliza mdogo wake katoka wapi, anaambiwa kanunuliwa hospitali, basi, akacheze. Tena mimi nilikuwa na sababu ya ziada. Zile mbili za kwanza watu walizijua, wakazisema barazani na kisimani, zikatoka. Hii nikaamua hakuna atakayeisema. Nikajifunga vitenge viwili, juu nikavaa sweta la mume wangu, mchana kutwa, na jua lile la kiangazi. Jasho linatiririka, na mimi nasema nasikia baridi.

Ndipo Nyamizi akaja likizo na mgeni.

Nyamizi alikuwa kidato cha pili, bweni, huko Kahama. Hakuomba ruhusa. Alishuka kwenye basi na msichana mrefu mwenye soksi nyeupe na sanduku la magurudumu, akaniambia, "Mama, huyu ndiye Devotha. Tunalala dabodeka moja, yeye juu mimi chini. Atakaa na sisi likizo yote."

"Yote?" nikauliza.

"Yote, mama. Wiki nne."

Devotha akapiga goti, akaniamkia vizuri. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye lile sanduku. Nikajisemea, huyu ni mtoto wa tajiri wa Kahama, wa wale wanunuzi wa dhahabu au wa mashine za mpunga. Akirudi kwao atasimulia jinsi mama yake Nyamizi anavyoishi. Nikajikaza mgongo. Nikasema, "Karibu mwanangu, hapa ni kwenu."

Jioni ile baada ya kula, Devotha aliinuka akakusanya sahani na sufuria. Nilimfikia kabla hajatoka mlangoni, nikamnyang'anya sufuria mkononi. Nasema nilimnyang'anya, sikuipokea. "Kwangu mgeni haoshi vyombo," nikamwambia. "Kaa na mwenzio mzungumze." Nyamizi naye aliposimama nikamrudisha kwenye kiti: "Wewe nawe kaa, usimwache mwenzio mpweke." Nikatoka na vyombo nikaviosha mwenyewe, nimeinama, na tumbo limenibana kama mtu kalifunga kamba.

Unaona hapo, mwanangu? Siku ya kwanza tu nilishajipatia wageni wawili, na mmoja nilimzaa mwenyewe.

Wiki iliyofuata sina hamu ya kuikumbuka, lakini nitakueleza. Yule mtoto alikuwa anaoga mara mbili kwa siku. Asubuhi maji ya moto, jioni maji ya moto. Michembe ya karanga, vile viazi vitamu vya kukausha, chakula tulichokulia sote, alikula kipande kimoja akakiangalia kile kingine kama kitu kilichodondoka kwenye gari. Basi nikapika wali. Kesho yake wali. Alikalia chupa ya chai akaivunja, chupa niliyokuja nayo tangu maduarani. Wakimaliza kunywa chai wanatandika mkeka uani wanasukana nywele, redio inaimba, vicheko vinafika barabarani. Mimi niko jikoni kwenye moshi. Halafu nasikia, "Mama, samahani, kuna maji ya kuoga?"

"Yapo mwanangu," naitikia, kwa sauti tamu kama sukari guru. Meno yamekaza.

Halafu nikiingia chumbani nasema peke yangu. Nasema mtoto gani huyu hana macho. Nasema watoto wa mjini hawakufundwa. Nasema mama yake anastarehe huko Kahama, kanitupia mzigo. Nilizunguka na hasira ile asubuhi hadi jioni, na nakuambia ukweli, ilikuwa inanishibisha. Nililala nikiwa nimeshiba hasira. Jirani akipita nilimwambia, "Nina mgeni bwana, we acha tu!" na ile "acha tu" yangu ilikuwa ndefu kama barabara ya Kahama.

Maji yalikuwa yanatoka kisima cha pampu, ng'ambo ya kiwanja cha mpira. Nilikuwa nabeba vindoo vidogo vya lita kumi, safari nyingi, kwa ajili ya agizo la nesi. Kwa matumizi yetu vilitosha. Kwa mgeni wa kuoga mara mbili havikutosha.

Siku ya kumi na moja, Jumapili, watu walikuwa wanajiandaa kwenda misa ya pili. Nyamizi nilimtuma kusaga mahindi mapema, na kule mashineni kulikuwa na foleni. Devotha akatoka chumbani na taulo shingoni.

"Mama, samahani..."

Hakumaliza. Nilichukua ndoo ya lita ishirini, ile ile niliyokatazwa, nikatoka nayo. Niliichukua kwa makusudi. Nilitaka aione. Sijui nilifikiri nini, pengine nilifikiri ndoo ile itamwambia yale niliyoukataza mdomo wangu kuyasema.

Akanifuata mpaka kwenye mlango wa ua. "Mama, nipe mimi nikachote."

"Rudi ndani, mgeni wangu."

"Mama, tafadhali, hiyo ni nzito."

"Nimesema rudi ndani! Hapa hatuwatumi wageni!"

Nilichota. Mwanamke mmoja pale pampuni akanitwisha. Nikavuka nusu ya kiwanja. Pale kwenye goli la upande wa kwetu nikasikia kiuno kinafunguka, kama vile mtu kavuta uzi wa mshono. Nikaishusha ndoo ikamwagika yote. Nikakaa chini kwenye vumbi. Nilipoangalia kitenge niliona damu.

Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: ya tatu. Hii nayo, ya tatu.

Devotha alikuwa nyuma yangu. Kumbe hakurudi ndani, alinifuata njia nzima kwa mbali na taulo lake shingoni. Hakupiga kelele. Alinilaza ubavu wa kushoto, akanikunjia taulo chini ya kichwa, akasimama katikati ya njia akanyoosha mikono yote miwili mbele ya pikipiki ya mtu aliyekuwa amevaa suti ya kanisani.

"Kaka, simama! Mama ana mimba, anatoka damu!"

"Mimi nawahi kwaya, dada."

"Utaimba ukirudi! Shuka tumpandishe!"

Yule mtu akashuka. Nilipandishwa katikati, Devotha nyuma amenishika kama gunia la mchele, na sauti yake sikioni: "Pole pole kaka, shimo hilo, zunguka, zunguka nimesema." Hata kwenye maumivu yale nilishangaa. Mtoto wa soksi nyeupe kapata wapi sauti ya konda wa basi?

Zahanati nesi wa zamu, siye yule wangu, aliuliza, "Mimba ya miezi mingapi?" Naapa, mwanangu, nimelala pale natoka damu na bado mdomo umekataa. Devotha akajibu.

"Kama sita hivi, inaingia wa saba. Na amewahi kupoteza mbili."

Nikageuza shingo. "Nani kakuambia?"

"Nyamizi alinieleza tangu shuleni, mama. Na mimi ni wa kwanza kwetu, tupo sita. Wadogo zangu wote nimeona wanavyokuja. Nilipokuona umevaa sweta kwenye jua lile nikajua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nyamizi alisema kwenu haisemwi. Na siku ya kwanza niliposhika sufuria ulininyang'anya. Mama yangu aliniambia ukienda kwa watu, fuata desturi ya nyumba. Nikaona desturi ya hapa mgeni akae. Maji nilikuwa nauliza nikitumaini utaniambia nikachote." Akaangalia chini. "Mama, nilikuwa nakaa kwa shida. Sijawahi kukaa hivyo. Mama yangu anapika chakula stendi ya Kahama. Mimi likizo zote nasonga ugali wa watu arobaini."

"Na lile sanduku?"

"La kuazima."

Nesi akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa na hasira mpya, na hii haikuwa na wa kumtupia. Nilichomwa sindano, nikaambiwa mtoto bado yupo, moyo wake unapiga, ila nikatwe miguu kama nitaonekana nimesimama kabla ya kujifungua. Ndivyo alivyosema, nikatwe miguu.

Nikarudishwa nyumbani nikalazwa. Siku ya pili yake akaja mama mkwe wangu, Bibi Kabula, kwa basi kutoka Ushirombo. Mwanamke mfupi, meno mawili ya mbele hana, maneno anayo yote. Aliingia, akakaa pembeni ya kitanda changu, akaniomba nimsimulie kila kitu. Nikamsimulia, na nikaweka na ule msemo wangu wa mgeni asiye na macho. Akanisikiliza mpaka mwisho, huku anatafuna mhogo kwa magego.

"Mayu," akaniita, kwa Kisukuma chetu, kama anavyoitwa mama. "Nani alikuambia huyu binti ni mgeni wako? Ni mgeni wa Nyamizi. Wewe ulijiingiza katikati ukawa mpishi wa wote wawili."

Nikataka kujibu.

"Tulia. Ulimnyang'anya sufuria, halafu ukamnunia kwa kuwa hashiki sufuria. Ulificha tumbo, halafu ukamchukia kwa kutoliona. Wewe ulitaka nini hasa? Ulitaka mtoto wa watu akusome moyoni kama mganga? Au ulitaka akosee tu, ili upate la kusema?"

Nikamweleza habari ya mke wa mjomba. Nikamwambia kwamba niliapa. Machozi yalinitoka, na mimi silii ovyo.

Akaacha kutafuna. "Kosa la yule mama halikuwa ndoo," akasema. "Ndoo sote tumebeba. Alikupa ndoo kabla ya kukuuliza kama umelala, kama umekula, unaitwa nani. Hakukupokea. Mtoto ukishampokea, mwambie akachote maji, ataenda anaimba. Wewe huyu hujampokea. Ulimweka tu kwenye kiti ukamzunguka."

Halafu akasimama akaenda mlangoni, akaniachia neno la mwisho bila kugeuka: "Una kiu?"

"Nina kiu, mama."

"Basi mimi sikuletei. Muombe aliyeko jikoni."

Mwanangu, nimebeba magunia, nimelala kwenye vibanda vya turubai maduarani, nimegombana na wanaume wenye nyundo mkononi. Hakuna kilichonishinda kama lile neno. Nililala pale labda robo saa, koo limekauka, nasikia vyombo vinagongana jikoni na wale wasichana wawili wanabishana chumvi. Nikasema kwa sauti ndogo. Haikufika. Nikasema tena.

"Devotha! Niletee maji ya kunywa."

Vyombo vikanyamaza. Halafu nikasikia miguu inakimbia. Alikuja na kikombe, amekishika kwa mikono miwili, uso wote umefunguka, kama mtu aliyeitwa jina lake mara ya kwanza ndani ya nyumba ile. Nadhani ndivyo ilivyokuwa. Siku zote zile sikuwahi kulitaja jina lake, kwangu alikuwa mgeni tu.

Wiki mbili zilizobaki aliishika nyumba pamoja na Nyamizi. Sitakudanganya kwamba ilikuwa raha tupu. Chumvi alizidisha. Jiko alilipanga upya kwa mtindo wa stendi, mwiko wangu mkubwa sijaupata hadi leo. Vicheko havikupungua hata kidogo. Lakini sasa nikikasirika nilikuwa naita, nasema, "Punguzeni redio, kichwa kinaniuma," na redio inapungua. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Waliporudi shule niliwatumia ujumbe akina mama wa jumuiya yetu. Niliwaambia wazi: nina mimba, nimekatazwa kusimama, naomba maji. Nilidhani watanicheka. Walipangana zamu, na kila aliyekuja alinilaumu kwa kuchelewa kusema. Mwezi wa tisa nikajifungua mtoto wa kiume, mzito, ana sauti ya baba yake akipata dhahabu. Jina alipewa la babu yake. Devotha alipokuja Desemba alimbeba mgongoni siku nzima, na nilimpa ndoo.

Kwa hiyo wewe unayenisoma, binti wa siku hizi mwenye tumbo na mtoto anayekuambia rafiki yake anakuja likizo, nisikilize. Mgeni wa mtoto akifika, muulize jina, mlishe, mwonyeshe kitanda, muulize kwao wanaishije. Asubuhi yake mpe kazi yake pamoja na mwanao, na useme wewe mwenyewe, kwa maneno, siyo kwa kugonga sufuria. Tumbo lako waambie walio ndani ya nyumba. Kuwaficha wanaokula sahani moja na wewe ni kazi bure, wameshaona, wanakusubiri tu. Na ukijikuta unazunguka na hasira inakushibisha, simama ujiulize ni neno gani umelimeza. Litoe. Likitoka litakuaibisha kidogo. Likibaki linaweza kukuchukulia mtoto. Mimi lilikaribia kunichukulia wangu pale golini, mbele ya watu waendao misa.

Mungu akufikishe salama siku yako, akupe mtoto mwenye kulia kwa nguvu, akujalie nyumba ambayo watoto wa wenzio wataingia wakijua wameitwa kwa majina yao.

Na mimi, kwa sababu watu huuliza huyu bibi wa darasa la nne anajivunia nini, nakutajia. Nina nyumba mbili Masumbwe na kibanda cha biashara Segese. Nina mashine ya kukoboa mpunga. Nina ng'ombe kumi na mmoja. Nina mgahawa, anausimamia Nyamizi. Nina kijana wa kiume anayesomea ufundi umeme na hajui kupika. Nina Devotha, yuko Kahama, ana watoto watatu, ananipigia kila Jumapili kunigombeza kuhusu dawa za presha. Nina bomba la maji uani, lenye koki mbili. Likizo hii mjukuu wangu anakuja na rafiki yake. Akishakula na kulala, nitamwonyesha koki ilipo.